Kauri kwa Watu wa Mlimani

Juzi kijana mmoja anayesomea ufundi wa meno alikuja kunisalimia hapa Kilakala. Alinipa shikamoo nzuri, akakaa, akanywa chai, kisha akaniambia kwamba siku hizi daraja la meno la kauri likidumu miaka michache mdomoni, fundi anashukuru Mungu na kuendelea na kazi nyingine. Nilimwacha amalize chai yake. Kumgombeza mgeni huku anatafuna maandazi yako si adabu. Alipomaliza nikamwuliza, "Daraja hilo limetengenezwa na nani? Limeegemea meno gani? Na mwenye mdomo alifundishwa na nani kulitunza?" Basi haya ni majibu yangu kwake, na kwenu nyote mlio vyuoni na kwenye kliniki, mnaokubali haraka mno kwamba vitu ni vya kuharibika.

Jina langu ni Skolastika. Nilizaliwa milimani, upande wa Kinole, kwa wazazi waliolima ndizi na machungwa, na kazi yangu yote niliifanyia katika chumba kimoja nyuma ya kliniki ya meno mjini Morogoro. Sikuwa daktari. Daktari ndiye aliyeingia mdomoni mwa mtu. Mimi nilikuwa fundi, nikikaa nyuma na nta, plasta na tanuri, nikitengeneza meno ya kuchukua nafasi ya yaliyopotea.

Kwa wasiojua, daraja ni hivi. Mtu amepoteza jino au meno. Yale yanayobaki pembeni ya pengo yanachongwa kidogo, yanavikwa kofia, na kati ya kofia hizo tunaning'iniza meno bandia. Linagandishwa kwa saruji ya meno, halitolewi usiku na kuwekwa kwenye bilauri kama yale ya kibao cha plastiki. Ndani kuna kiunzi cha metali, nje kuna kauri iliyochomwa hadi ikang'aa kama jino la kuzaliwa nalo. Ni kazi ya taratibu. Mwenye haraka aende akauze nyanya.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Shomari, mtu mfupi mwenye msikiti moyoni na masihara mdomoni. Alikuwa akiniambia kwamba kauri ina wivu kama mke mkubwa: haitaki unyevu, haitaki haraka, na haitaki kuchanganywa na kitu kingine. Chumba chetu kilikuwa na dirisha linalotazama Uluguru, na ule upepo wa mlimani wakati wa masika ulikuwa adui yetu. Siku moja Mzee Shomari alitoa daraja kwenye tanuri huku dirisha liko wazi. Tulisikia "ti!" ndogo kabisa, kama mdudu aliyegonga kioo. Mzee akalitazama lile daraja, akalitazama dirisha, akasema, "Haya, Skola. Umesikia sauti ya kazi ya siku nzima ikienda zake." Tangu siku hiyo kila tulipochoma kauri dirisha lilifungwa na khanga ilitundikwa juu yake, na daraja liliachwa lipoe polepole mdomoni mwa tanuri mpaka sisi wenyewe tuchoke kusubiri.

Mwingine aliyenifundisha alikuwa karani mmoja aliyetaka meno meupe. Mzee akampa meupe kweli. Baada ya wiki karani akarudi na mkewe, mama mmoja asiye na mchezo, akasema, "Mzee, mume wangu mnisaidie. Akicheka nadhani amemeza sahani." Tukalitoa lile daraja. Hapo nikajifunza kwamba rangi ya jino inachaguliwa mchana, karibu na dirisha, siyo chini ya taa. Na kama mgonjwa amejifunga khanga nyekundu shingoni, mwambie kwa heshima aiteremshe kwanza, maana wekundu ule utakudanganya macho.

Lakini niliyetaka kuwasimulia hasa ni Mwalimu Mwanaidi.

Miaka ile ya Ujamaa, kila kijiji kilikuwa na darasa la elimu ya watu wazima. Mwalimu Mwanaidi alifundisha katika kijiji kimoja juu ya Kinole, ndani ya ghala la kijiji, katikati ya magunia. Mwanamke mrefu, sauti kubwa, asiyeogopa mtu. Siku moja ya masika alikuwa anahamisha ubao kutoka kwenye kibanda kilichovuja kwenda ghalani. Amejitwisha ubao mzima, njia ni utelezi mtupu. Akaanguka, na ukingo wa ubao ukampiga mdomoni. Meno mawili ya mbele ya juu yakatoka palepale.

Akapewa meno ya plastiki ya kibao. Mwanzoni yalikaa vizuri. Lakini fizi za mtu aliyepoteza meno zinanywea, na zikinywea kibao kinalegea. Mwalimu akaendelea kufundisha nacho hivyo hivyo, mpaka siku ya herufi fa, fe, fi, fo, fu. Alipofika fu, kibao kikaruka. Kikatua kwenye kibao cha kuandikia cha Mzee Kobelo, mkulima wa ndizi, mwanafunzi mzee kuliko wote. Mzee Kobelo akakiokota, akakifuta kwa shati lake, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Mwalimu," akasema, "herufi yako imedondoka."

Darasa likaangua kicheko. Mwanaidi mwenyewe alicheka. Kisha akafunga masomo, akaenda nyumbani, na hakurudi. Wiki zikapita. Watu wakaja ghalani, wakakaa, wakaondoka. Kuna wengine walikuwa wamefika pazuri, wameanza kuunganisha silabi zikawa majina ya watoto wao. Wakaanza kusahau.

Alipokuja kwetu alikuwa amejifunika khanga mpaka puani. Akaketi, akatoa kile kibao cha plastiki, akakiweka juu ya meza yangu.

"Wewe ndiye binti wa Kinole unayetengeneza meno?"

"Ndiye mimi, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Nataka meno yanayokaa. Kama hayapo, niambie sasa hivi nirudi mlimani nikalime tangawizi. Sitasimama tena mbele ya watu wazima nikitema meno."

Nilimwambia yapo. Sikujua kwamba wiki ileile yalikuwa yanapangiwa wengine.

Tulikuwa na kikao cha wafanyakazi. Siku hizo mfanyakazi alikuwa na haki ya kusimama kikaoni na kusema, na wengi walisimama kusema habari za chai na viatu. Msimamizi wetu wa utawala, mtu makini mwenye miwani mizito, alisimama akatueleza kwamba unga wa kauri ulikuwa umebaki kopo moja. Ulitoka nje ya nchi, na hakuna aliyejua mwingine ungekuja lini. Kwa hiyo alikuwa ameamua utunzwe kwa ajili ya viongozi na wageni. Wananchi wengine wote wapewe plastiki.

Nikanyoosha mkono. "Na mwalimu wa Kinole?"

"Plastiki."

"Alishapewa plastiki. Imemwangukia darasani."

"Ndugu Skolastika," akasema kwa upole, na sidhani alikuwa mtu mbaya, "tuseme ukweli. Wewe unatoka huko, unajua kuliko mimi. Watu wa mlimani wanatafuna miwa. Wanatafuna mihogo mibichi, mahindi ya kuchoma. Kauri ni kama kikombe. Utampelekea kikombe mtu wa kutafuna mawe? Haitadumu. Tutakuwa tumepoteza."

Nilihisi masikio yanawaka moto. Mama yangu alikuwa mtu wa miwa na mahindi ya kuchoma.

"Na kiongozi anatafuna nini, ndugu msimamizi? Uji?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nikaendelea, maana nilikuwa nimekwisha simama, na ukishasimama ni afadhali uongee. "Anayetafuna kwa nguvu ndiye anayehitaji meno ya nguvu. Nyinyi mnampa laini kwa sababu anatafuna vigumu, na kigumu mnampa wa kula laini. Mimi sikubali. Kauri ikitengenezwa sawasawa itadumu Kinole kama itakavyodumu Dar es Salaam. Mdomo ni mdomo."

"Na likivunjika?"

"Nitoeni maabara."

Nilisikia Mzee Shomari akikohoa nyuma yangu, kile kikohozi chake cha kusema kaa chini. Sikukaa. Kisha daktari wetu, Daktari Semkiwa, kijana mkimya aliyekuwa haongei vikaoni, akanyoosha mkono wake. "Meno ya mwalimu nitayachonga mimi," akasema. "Likivunjika, tumelivunja wawili."

Kikao kikagawanyika, wakapiga makelele, na mwisho msimamizi akaandika kwamba fundi ameruhusiwa, na fundi ndiye atakayebeba lawama.

Sasa sikilizeni vizuri, nyinyi mnaosomea. Hapa ndipo daraja linapopata maisha yake au kifo chake, kabla hata ya tanuri kuwashwa.

Daktari Semkiwa alikuja nyuma na sampuli ya plasta ya mdomo wa Mwanaidi, akaiweka mbele yetu. Meno yaliyopotea mawili. Jirani zake, yale madogo ya pembeni, yalikuwa mazima lakini mizizi yake mifupi. "Nikiegemeza hapa tu," akasema, "nitatumia unga kidogo, msimamizi atafurahi." Mzee Shomari akagusa lile jino la plasta kwa kucha. "Unawatwisha watoto gunia la baba yao," akasema. Wakakubaliana, na mimi nikiwa kati yao, kwamba tufike mpaka kwenye chonge, yale meno marefu yaliyochongoka yenye mzizi kama wa mhogo. Likawa daraja la meno sita. Unga mwingi zaidi. Msimamizi alipoona alishika kiuno.

Kiunzi cha metali nilikifanya kinene pale kilipounganika. Kauri haipendi kupinda. Metali chini yake ikiyumba hata unywele, kauri itapasuka, na watu watasema kauri ndiyo mbovu. Kisha nikakoroga unga kwa maji, nikaupanga kwa brashi, tone kwa tone, nikigonga taratibu ili maji yapande juu niyafyonze kwa kitambaa. Nikaikausha mlangoni pa tanuri kabla ya kuiingiza, maana ikiingia na maji inalipuka kama bisi. Dirisha limefungwa, khanga juu yake. Mzee Shomari alikaa kwenye kigoda akivuta tasbihi. Nilimwuliza anaomba nini. "Naomba umeme usikatike," akasema.

Umeme haukukatika.

Siku ya kulivika, Daktari Semkiwa alimpa Mwanaidi karatasi ya kaboni aing'ate, tuone ni wapi meno yanagongana kwa nguvu. Palipobaki weusi mwingi tukapasugua, tukarudia, tukapasugua tena. Mwanaidi akachoka. "Nyie mnanipa meno au mnanipa mtihani?" Nikamwambia, mwalimu, sehemu moja ikibeba kishindo chote cha taya, itavunjika, hata kama ni jiwe. Avumilie. Akavumilia.

Chini ya yale meno mawili bandia tuliacha nafasi ndogo, nikamfundisha kupitisha uzi wa kushonea kila jioni kati ya daraja na fizi. Hili wengi wenu mnalidharau. Madaraja mengi niliyoyaona yakifa hayakufa kwa kauri kuvunjika. Yalikufa kwa jino la mtu mwenyewe kuoza taratibu ndani ya kofia yake, au fizi kuoza kwa makombo ya chakula. Fundi analaumiwa, na mwenye mdomo hakuambiwa kitu.

Nikampa kioo. Alijitazama. Hakutabasamu. Akasema, "Fa. Fe. Fi. Fo. Fu." Kisha akakirudia kioo, akasema fu tena, kwa nguvu, akinitazama mimi. Hapo ndipo alipocheka, na nilipoona yale meno ndani ya kicheko chake nilikwenda nyuma nikajifanya natafuta koleo.

Darasa likafunguliwa tena. Habari zilikuwa zinashuka na magari ya ndizi: Mzee Kobelo ameandika jina lake mwenyewe, fulani amesoma tangazo la ofisi ya kijiji mbele ya watu. Mavuno yakapita, na mengine.

Kisha zikashuka habari nyingine. Meno ya mwalimu yamevunjika. Mmoja alisema ameyavunja kwa muwa, mwingine alisema amemeza mawili. Msimamizi aliniita ofisini. Sikumngoja aseme. Nikamwambia naomba ruhusa niende nikaone kwa macho yangu, na kesho yake nikapanda gari la mizigo hadi Kinole, nikatembea kipande kilichobaki kwa miguu na kijiwe cha kusugulia mfukoni. Njia nzima nilikuwa nagombana na watu wasiokuwepo.

Nilimkuta ghalani anafundisha. Aliponiona mlangoni akafunga mdomo wake haraka. Nikajua.

"Fungua, mwalimu."

"Mbele ya wanafunzi?"

"Fungua."

Ilikuwa pembe. Kipande kidogo cha kauri kimechubuka kwenye kona ya jino moja, na metali haikuonekana hata kidogo. Nikashika daraja kwa vidole nikalitikisa. Halikutikisika. Fizi zilikuwa za waridi, safi.

"Ulikula nini?"

Akaangalia ubao. "Nilikuwa napigilia ubao. Mikono haitoshi. Nikabana misumari kwa meno."

Nilimgombeza mbele ya darasa zima. Nilimwambia hata Mungu hakuumba jino la kubania misumari. Mzee Kobelo akatikisa kichwa kwa huzuni, kama aliyesikia msiba, kisha akasema, "Mwalimu kweli amekosa. Lakini fundi, umeona ubao ulivyokaa imara?" Nikamkalisha Mwanaidi mlangoni penye mwanga, nikaisugua ile pembe mpaka ulimi wake usiisikie, na darasa likaendelea na somo huku likituchungulia.

Mjini msimamizi alinisubiri.

"Limevunjika au halikuvunjika?"

"Limechubuka pembeni."

"Kwa hiyo limevunjika."

"Kikombe chako hicho kimechubuka mdomoni," nikamwambia, nikikionyesha mezani kwake, "na kila asubuhi unakinywea."

Halikuwa jibu la kumfurahisha mkubwa. Jumatatu yake nilikuwa nimetolewa maabara, niko kwenye dirisha la mapokezi, natoa kadi kwa wagonjwa. Daktari Semkiwa alikwenda kunitetea, akarudi kichwa chini. Nilikasirika, lakini sikulia na sikuomba msamaha. Niliapa sitasema lile daraja ni bovu, maana halikuwa bovu, hata kama ningetoa kadi mpaka nizeeke. Nilitoa kadi masika yote.

Ndipo watu wa mlimani walipoanza kushuka. Mmoja, kisha watatu, kisha benchi zima. Wanafunzi wa Mwanaidi, na ndugu zao. Walikuja dirishani kwangu na mapengo yao, wakasema, "Tunataka meno kama ya mwalimu." Niliwaambia waende wakamwambie msimamizi wenyewe. Wakaenda. Waluguru hatupigi makelele sana, lakini tunajua kukaa mahali. Walikaa kwenye korido yake na vikapu vyao vya machungwa, wakimwamkia kila anapopita.

Wakati huohuo macho ya Mzee Shomari yalikuwa yanaingia ukungu. Msimamizi akamwambia amfundishe fundi mwingine kauri. Mzee akamjibu, "Mwingine nimeshamfundisha. Mmempa kazi ya kadi."

Msimamizi akaniita. Alikuwa amechoka, na mezani kwake kulikuwa na machungwa ya watu. "Rudi nyuma," akasema. "Lakini unga ukiisha, umekwisha."

"Ukiisha nitakuja kukuuliza mwingine."

Na kweli uliisha, na kweli nilimwuliza, nikamwuliza mpaka alipohamishwa, nikamwuliza aliyemfuata. Kuna miaka tulikaa na tanuri baridi. Kuna miaka unga ulikuja. Kila ulipokuja, wa kwanza kupata alikuwa wa kwanza kwenye foleni, awe mkubwa awe mkulima wa mdalasini. Wapo walioniona mkaidi. Sikubishana nao.

Mwanaidi alizeeka na daraja lake. Tulikuwa tumekuwa marafiki, na mimi nimekwisha staafu, aliponijia akasema chonge moja inatikisika. Nikamsindikiza kliniki. Daktari kijana, mpole, mwenye vifaa ambavyo sisi hatukuviota, akamchunguza, akalikata daraja akalitoa, akaligeuza mkononi. "Bibi," akasema, "hili halina shida. Ni jino lenyewe lililochoka." Mimi niliyasikia maneno hayo nimesimama mlangoni, na sitawaambia nilivyojisikia. Mtaelewa siku yenu ikifika.

Kisha yule kijana akasema, kwa nia njema kabisa, "Sasa kwa umri wako, bibi, tutakutengenezea tu kibao cha plastiki. Kinakutosha."

Mwanaidi alimtazama. Akanitazama mimi. Akachukua khanga yake kitini, akainuka. Tulitoka, tukashuka ngazi pole pole, wazee wawili, tukatafuta kliniki nyingine upande wa pili wa mji. Tulimkuta daktari binti, akaketi na Mwanaidi muda mrefu, akapima, akapiga picha ya mizizi, akasema daraja jipya linawezekana, refu kidogo, likiegemea nyuma zaidi. Kisha akasita, kalamu mkononi.

"Ila bibi, niambie ukweli. Unataka lidumu muda gani?"

"Wewe tengeneza la kudumu," Mwanaidi akamjibu. "Habari ya kufa niachie mwenyewe."